Kifuniko Chini ya Maji

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja: kumkamata mwanamke yule. Wengine huandika shajara ili wakumbuke furaha zao. Mimi naandika ushahidi. Siku, saa, alichofanya. Msimu huu wa mvua ukiisha nitakuwa na kurasa za kutosha kumfikisha mbele ya Msimamizi, naye akatafute jiko lingine la kuharibu.

Namwita Bi Pole. Anatembea pole, anafungua droo pole, anaongea kama mtu anayesali msibani. Jiko letu ni jiko la chakula laini la hospitali. Tunawapikia waliopasuliwa koo na tumbo, waliopooza upande mmoja, wazee wasio na jino. Mimi ni mpishi mkuu kwa miaka ishirini na sita. Yeye ni msaidizi wangu kwa miaka minne, na kila anachokijua nilimfundisha mimi. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi.

Leo niliuacha moto pale ninapoutaka, nikaenda stoo kuchukua maziwa. Kurudi, moto umepunguzwa. Tulikuwa wawili tu jikoni, na mimi nilikuwa stoo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Bati la jiko linapigwa utadhani kuna mtu anamwaga kokoto juu. Moto umepunguzwa saa tatu asubuhi.

Jumatano, 6 Machi

Msimamizi ametuita. Umri wake miaka thelathini na kitu, viatu vinang'aa hata siku ya matope, na sidhani kama amewahi kumenya kitunguu. Anasema wakaguzi watakuja mwezi wa tano. Kila neno la upishi tunalolitumia liandikwe kwenye kadi, kadi ibandikwe ukutani: maana yake, linatumika kwa vyakula gani, na mpishi anajuaje kwamba amepatia. Mimi nimepewa neno "kutokosa", ule upishi wetu wa maji yasiyochemka.

"Mistari mitano tu, Mama Mkuu," akasema.

"Kutokosa kwa mistari mitano?"

"Wakaguzi hawasomi zaidi ya hapo."

Bi Pole akasema kitu. Midomo ilicheza, sauti sikuipata. Msimamizi akacheka. Nikauliza wanacheka nini, wakasema hakuna. Watu wawili wakicheka, ukiuliza wakasema hakuna, ujue anayechekwa ni wewe.

Moto umepunguzwa mara mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Bi Pole hayupo, Alhamisi ndiyo siku yake ya mapumziko. Amani tupu. Hakuna mtu mgongoni kwangu. Mayai yametoka magumu kidogo, trei tano zimerudi. Muuzaji wa mayai amebadilika, na nina hakika haya mapya yamekaa sana.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeiandika kadi. Nainakili hapa ili siku moja asije mtu akadai ni yake.

"KUTOKOSA. Wako wanaosema kutokosa ni kuchemsha tu kwa jina jingine. Hao wakawapikie ng'ombe. Katika jiko hili, kutokosa ni kukiivisha chakula ndani ya maji yanayotetemeka lakini hayaruki. Yai la kutokosa hukaa ndani ya kikombe, kikombe hukaa ndani ya maji, na yai huganda taratibu mpaka likatike kwa ubavu wa kijiko. Samaki wa kutokosa huuachia mwiba mwenyewe bila kuvutwa. Ni vivyo hivyo kwa kidari cha kuku, tunda gumu, na maziwa ya mgonjwa. Maji yakiruka hata dakika chache, yai linakuwa mpira na samaki anakuwa kamba."

Halafu nikaandika mpishi anavyojua. Hilo hakuna chuo kinachofundisha, nilifundishwa na mama yangu, aliyepikia shule ya bweni maisha yake yote. Ndani ya sufuria, chini kabisa ya maji, unalaza kifuniko cha birika kifudifudi. Ninacho kile kile chake, birika lenyewe lilikufa kabla sijaolewa. Maji yakiwa baridi, kifuniko kimya. Maji yakifika pale panapotakiwa, mvuke unakinyanyua kidogo na kukiachia: tik. Kimya. Tik. Ni mgeni mwenye adabu, anabisha hodi mara moja na kusubiri. Maji yakichemka kinabisha kama polisi. Huhitaji kufunua, huhitaji saa, huhitaji kuchungulia. Unasikiliza tu.

Mama alikuwa akisema mpishi wa macho anapika anachokiona, na kwenye sufuria iliyofunikwa hakuna cha kuona.

Jumatatu, 11 Machi

Msimamizi amerudisha kadi. Anasema ng'ombe watoke.

Alhamisi, 14 Machi

Bi Pole hayupo. Samaki amekakamaa. Gesi ya mtungi mpya ni kali mno.

Jumapili, 17 Machi

Mzee wangu ameanza ugonjwa wa kutafuna maneno. Ameshona nguo za watu miaka arobaini, na siku hizi anaongea kama bado ana pini mdomoni. Leo amekuja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Nimekuita mara tatu."

"Ungeniita mara moja kama watu wazima wanavyoita, ningeitika."

"Na hiyo redio? Jirani wa tatu anasikiliza habari bure."

"Mvua inapiga kelele."

"Mvua imekatika tangu saa sita, mke wangu."

Nikachungulia dirishani. Ni kweli ilikuwa imekatika. Nikamwambia kama redio inamkera aende akakae kwa dada yake, na akanyamaza, au kama alijibu alijibu kwa pini zake.

Jumatano, 20 Machi

Kifuniko cha mama kimekuwa bubu. Nimekilaza mwenyewe, nimewasha moto, nimesubiri. Hakuna tik. Nikaongeza moto, hakuna tik. Nikainama mpaka nywele zikalowa mvuke. Bi Pole akapita, mkono wake ukaenda kwenye koki ya gesi, akaizungusha chini. Mbele yangu! Mchana kweupe!

"Wewe! Nani amekuambia uguse?"

Akasema kitu kwa ile sauti yake ya chini ya godoro.

"Sema kama mtu!"

"Nimesema samahani, mama."

Samahani. Mwizi akikamatwa na kuku kwapani naye husema samahani. Nina hakika amekibadilisha kifuniko, au amekipaka kitu kwa ndani kisipige sauti. Nimekwenda nacho nyumbani ndani ya mkoba, nimekisugua kwa majivu mpaka vidole vikaniuma.

Mayai ya leo yametoka vizuri sana, lakini hiyo si hoja.

Alhamisi, 21 Machi

Hayupo. Trei kumi na mbili zimerudi. Muuguzi wa wodi ya pili ameshuka mwenyewe na bakuli mkononi, akaligonga yai kwa kijiko mbele ya pua yangu kuonyesha lilivyo gumu. Nimemwambia arudi akachome sindano zake.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Mvua. Mvua. Ukitaka kujua ukweli, naipenda. Bati likinguruma, kila mtu jikoni anapaza sauti na hakuna anayenong'ona. Hata Bi Pole analazimika kufungua mdomo.

Alhamisi, 28 Machi

Hayupo. Uji wa maziwa umekatika. Maziwa mabovu.

Jumanne, 2 Aprili

Moto umepunguzwa saa mbili, saa nne, na saa tano na nusu. Ameacha hata kujificha. Anapita, anazungusha, anaendelea na karoti zake. Nadhani nimemwelewa. Anataka chakula changu kiwe kibichi, mgonjwa aharishe, mimi nifukuzwe, yeye arithi aproni. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Alhamisi, 4 Aprili

Hayupo. Magumu.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemwambia Msimamizi kwa mdomo. Akaniuliza nina ushahidi gani. Nikamwambia ninalo daftari lenye tarehe na saa zote. Akaonekana kushtuka, nadhani hakutarajia mpishi aandike.

"Endelea kuandika," akasema. "Tutalihitaji."

Nimetembea kurudi jikoni kama bibi harusi.

Alhamisi, 11 Aprili

Hayupo. Kidari cha kuku kimekuwa ubao. Bucha limebadilika siku hizi, hakuna kuku tena, kuna vitu vyenye miguu miwili.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimechora mstari wa chaki sakafuni, kutoka kwenye mguu wa jiko mpaka kwenye sinki. Nimemwita Bi Pole nikamwonyesha.

"Huku ni kwangu. Huko ni kwako. Mboga, vyombo, trei. Ukivuka mstari huu nakwenda kwa Msimamizi siku hiyo hiyo."

Aliangalia mstari, akaniangalia mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipaza sauti, na mvua haikuwepo.

"Mama, usifanye hivyo."

"Nimeshafanya."

"Basi nikae karibu na jiko asubuhi tu, wakati wa mayai. Mchana sitasogea."

"Hata kwa mayai. Hasa kwa mayai!"

Akaenda kwenye karoti. Nimelala mchana usingizi mzuri ambao sijaupata tangu Februari.

Jumanne, 16 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpangilio kama nilivyojiahidi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilitia maji, nikalaza kifuniko, nikapanga vikombe ishirini na vinne vya mayai, nikafunika, nikawasha. Nikasubiri hodi. Haikuja. Nikaongeza moto. Mvua ilikuwa ndogo, ya rasharasha. Nikasubiri. Nikaongeza tena. Bi Pole alikuwa upande wake wa mstari na kisu mkononi, hakuwa anakata chochote. Alikuwa ananitazama. Nikamwambia atazame karoti.

Nilifunua nilipohisi muda umetosha. Yalionekana ya kawaida kwa juu. Yai la kwenye kikombe huficha, linaweza kuonekana laini juu na chini likawa mpira. Nilikuwa na haraka, trei zilikuwa zinasubiriwa, nikaruhusu ziondoke.

Kitanda namba saba kina mwalimu mmoja mstaafu aliyepasuliwa koo siku nane zilizopita. Ni mtu mpole, ananiletea salamu kwa maandishi kwa sababu hajaruhusiwa kuongea. Wiki iliyopita aliniandikia kwenye kikaratasi: "Mpishi, yai lako linateremka kama maji. Ahsante." Kile kikaratasi nimekibandika ndani ya kabati langu.

Leo yai langu halikuteremka. Kipande kilisimama pale penye nyuzi. Alikohoa, nyuzi zikaachia, na muuguzi aliyeshuka kutuambia alikuwa na damu kwenye mkono wa koti lake. Alikuwa anapiga kelele, nilimsikia kila neno. Wamemrudisha chumba cha upasuaji saa mbili.

Nilikaa kwenye gunia la viazi. Bi Pole aliuvuka mstari, akazima jiko, akaanza kuyatoa mayai yaliyobaki na kuyabonyeza moja moja kwa kijiko, na kila alilolibonyeza alilitupa.

Msimamizi alikuja akiwa amepauka. Akauliza nani alikuwa kwenye jiko. Na mimi, mbele ya watu wote, nikanyoosha kidole.

"Huyu anachezea moto wangu. Nilikuambia. Nina tarehe zote."

Jumatano, 17 Aprili

Mwalimu yuko hai. Wameshona upya. Hatakula kwa mdomo kwa muda mrefu.

Msimamizi ametuhoji pamoja ofisini kwake. Nilikaa karibu na meza ili nione midomo yao vizuri.

"Je, ni kweli umekuwa ukipunguza moto wa Mama Mkuu?"

"Kweli," Bi Pole akasema.

"Mara ngapi?"

"Kila siku niliyokuwa kazini."

"Kwa nini?"

Akageuka akanitazama. Akanitazama muda mrefu, nami nikamrudishia jicho, sikukwepesha. Mwisho akamgeukia Msimamizi.

"Muulize yeye," akasema.

Msimamizi hakuniuliza. Amemsimamisha kazi, na kikao cha kumwachisha kabisa ni Jumatatu ya tarehe 29, mimi nipeleke daftari. Nimeshinda. Naandika neno hilo na naliangalia. Nimeshinda.

Alhamisi, 18 Aprili

Magumu. Nimeyatupa kabla hayajatoka jikoni. Nimepika mara ya pili kwa kufunua kila dakika.

Ijumaa, 19 Aprili

Magumu.

Jumapili, 21 Aprili

Samaki kamba. Na leo si Alhamisi, gesi ni mtungi mwingine, bucha ni lingine, na mayai nimeyanunua mimi mwenyewe sokoni na kuyaangalia moja moja kwenye mwanga. Simlaumu mtu leo. Nimechoka kutafuta.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua imeisha. Sisemi imekatika, imeisha. Tangu juzi anga ni jeupe na matope ya uani yameanza kupasuka.

Asubuhi nilikuwa peke yangu jikoni. Nikatia maji, nikalaza kifuniko. Sikuweka vikombe, na sikufunika. Nikawasha, nikasimama na mikono yangu nyuma kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

Maji yakaanza kutetemeka. Kifuniko cha mama kikainuka upande mmoja, kikatua. Kikainuka, kikatua. Nikakiona kwa macho haya. Maji yakaanza kuruka na kifuniko kikawa kinarukaruka ndani ya sufuria, kinaupiga ubavu wa sufuria, kinacheza kama kimepagawa, mpaka maji yakamwagikia kwenye jiko.

Na jiko zima lilikuwa kimya. Bati kimya, sufuria kimya. Nikapiga meza kwa mwiko, nikasikia kitu cha mbali, kama mtu anayefanya kazi nyumba ya pili.

Nikazima. Nikasimama pale mpaka maji yakapoa.

Alhamisi, 25 Aprili

Sikwenda kazini. Nimemwambia mzee wangu naumwa tumbo, na yeye akaniandikia kwenye kipande cha gazeti kwa chaki yake ya kushonea: "Si tumbo." Mwandiko mbaya kama mishono yake ya mwanzo. Nimetaka kumrushia kiatu. Nimelia badala yake, na yeye akakaa kitandani akanishika mguu.

"Tangu lini unajua?" nikamuuliza.

Akaandika: "Mwaka jana. Nilisema. Ulinitukana."

Mchana nimelifungua daftari hili kutoka mwanzo, nikaanza kulisoma kama atakavyolisoma Msimamizi. Tarehe 7: hayupo, magumu. Tarehe 14: hayupo, samaki amekakamaa. Tarehe 20: amepunguza moto, mayai mazuri sana. Tarehe 21, hayupo, trei kumi na mbili. Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Na ile Jumanne, alikuwepo lakini nilikuwa nimemchorea mstari.

Ushahidi nimeukusanya vizuri. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii. Kila ukurasa una mhalifu, na kila ukurasa nimeuandika kwa mkono wake.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimekwenda kwake. Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, mlango wa bluu. Nikabisha. Mlango ukafunguka. Alikuwa na nguo za kufua begani na hakuonekana kufurahi, na mimi sikuwa nimekwenda kufurahiwa.

"Leo ongea kwa sauti," nikamwambia. "Paza uwezavyo."

Akapaza. Nadhani mtaa mzima ulisikia, lakini hata mimi nilisikia.

"Umekuja kufanya nini?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kifuniko kinapiga kelele jiko zima, wewe umekiinamia unasema maji bado baridi!"

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia vipi? Siku niliyokuambia chumvi imezidi ulininunia wiki nzima."

Zilikuwa siku tisa. Sikumsahihisha.

"Ungemwambia Msimamizi."

"Ili waseme nimekuchongea nipate nafasi yako? Wewe ungenisamehe?"

"Nisingekusamehe."

"Basi." Akatua nguo kwenye beseni. "Na usije ukadhani nilikuonea huruma. Sikupendi, mama. Miaka minne hujawahi kuniita kwa jina langu. Nilipunguza moto kwa sababu wale watu wana nyuzi kooni. Ulinifundisha mwenyewe hilo."

"Na alipokuuliza kwa nini? Mbele yangu?"

"Nilikutazama. Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Nikaondoka. Hatukuagana. Mimi pia simpendi, bado. Anaburuta miguu, anakata karoti nene, na alikuwa na haki, jambo ambalo ndilo gumu zaidi kulisamehe kwa mtu usiyempenda.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo limetokea jambo ambalo lingenipa furaha kama lingekuja mapema. Nilikuwa nimelaza kifuniko, nimeingiza mwiko ndani ya maji, ncha yake juu ya kifuniko. Mikono yote miwili ilikuwa na sufuria nyingine, kwa hiyo nikaushika mpini wa mwiko kwa meno.

Tik.

Niliganda. Kimya. Tik. Haikupita masikioni, ilipita kwenye mti, kwenye meno, kwenye taya, ikafika ndani ya kichwa. Hodi ile ile. Mgeni yule yule mwenye adabu. Nilisimama nimeuma mwiko kama mbwa na mfupa, machozi yananitoka, na kifuniko cha mama kinabisha, kinasubiri, kinabisha.

Mayai ya leo yangeweza kupita kwenye tundu la sindano.

Sasa naandika wazo lililonijia, kwa sababu nimeahidi kuandika yote. Hakuna anayejua. Mzee wangu hatasema. Bi Pole hajasema na hatasema, Jumatatu anaondoka. Ninao mwiko. Wakaguzi wakija nitageuza mgongo, niume mpini, na nitabaki mpishi mkuu mpaka nistaafu. Kitu pekee ninachotakiwa kufanya ni kuzichana kurasa chache za Alhamisi.

Nimezishika kurasa hizo kati ya vidole. Zimeshonwa vibaya, zingetoka kirahisi.

Jumapili, 28 Aprili

Nimekwenda kumwona mwalimu wa kitanda cha saba. Ana mpira wa kulishia puani. Alichukua kalamu kabla sijaketi: "Mpishi! Nasikia aliyefanya hivi amepatikana."

Nikamwambia ndiyo, amepatikana.

Akaandika: "Alikuwa anakuonea wivu?"

Nilikaa naye mpaka saa ya wageni ikaisha.

Jumatatu, 29 Aprili

Msimamizi, uliagiza daftari, ndilo hili. Kurasa zote zimo, zihesabu. Nimekutukana mahali pawili, pamoja na viatu vyako. Yaache yalivyo.

Soma Alhamisi zote kwanza. Halafu soma siku nyingine. Halafu soma tarehe 15 na tarehe 16 Aprili, na ukimaliza utajua nani alimwumiza mwalimu na nani aliwalinda wagonjwa kwa miezi bila kulipwa hata shukrani. Sisikii. Nimekuwa sisikii muda mrefu. Nilinyoosha kidole kwa mtu aliyekuwa masikio yangu. Mwalimu wa kitanda cha saba nitamwambia mwenyewe, usinitangulie.

Kadi yako hii hapa, mistari mitano kama ulivyotaka:

"KUTOKOSA ni kuivisha chakula ndani ya maji yanayotetemeka bila kuruka.
Hutumika kwa mayai, samaki, kidari cha kuku, matunda magumu na maziwa ya wagonjwa.
Mpishi hulaza kifuniko chini ya maji na kusikiliza. Kikibisha taratibu, ni sawa.
Asiyesikia aume mwiko, au amruhusu anayesikia auguse moto.
Maji yakiruka, mwite mpishi huyu:"

Chini yake nimeandika jina lake lote, kwa herufi kubwa. Nilikwenda kulitazama kwenye orodha ya mahudhurio ili nisikosee.

Kama utaniacha jikoni, nitakata karoti upande wa pili wa chaki. Kama hutaniacha, nitakichukua kifuniko changu nyumbani. Mwiko ni wa hospitali.

Niko nje ya ofisi yako sasa, naandikia gotini. Nikimaliza mstari huu nitabisha hodi. Usijisumbue kuitikia, sitasikia. Nitaingia tu.